Anza na Kitambulisho: Niliyomwambia Mtoto wa Dada Yangu Alipotaka Kuishi kwa Mbio

Januari mtoto wa dada yangu alishuka kwenye matatu hapa Iten, mji wa wakimbiaji Kenya, akiwa na begi la shule, sufuria moja na viatu vya kukimbilia vilivyolika kisigino. Alikuwa amemaliza Kidato cha Nne. "Mama mdogo," akaniambia hata kabla ya kukaa, "nataka kuwa kama Vivian Cheruiyot, yule bingwa wa Olimpiki." Nikamuuliza kitambulisho chake kiko wapi. Akanitazama kama mtu aliyeomba maji akapewa jembe.

Nimekimbia miaka kumi na moja. Sikuwa bingwa. Marathoni yangu bora ni saa 2 na dakika 34, na kwa muda huo hapa Iten hata muuza maziwa hakugeukii. Lakini nimelala kambi moja na mabingwa, nimewawekea kasi kwa kukimbia mbele yao washike mwendo, nimewabebea mabegi uwanja wa ndege, na nimeona nani alibaki na nyumba na nani alibaki na picha ukutani. Wasichana wengine wanne wamekuja tangu hapo kuuliza yale yale, kwa hiyo nayaandika mara moja nipumzishe koo.

Karatasi

Unahitaji cheti cha kuzaliwa, kitambulisho, pasipoti, namba ya KRA (watu wa kodi) na akaunti ya benki. Vyote vitano viwe na majina yale yale, herufi kwa herufi, kwa mpangilio ule ule. Sisi Wakalenjin tuna mazoea mabaya hapa. Kwenye cheti unaitwa Chepkemboi, mwalimu wa darasa la kwanza akakuandika Jepkemboi, ukaolewa ukaongeza jina la mume, na kwenye mbio za kaunti mwandikaji akaandika alivyosikia. Nyumbani sote tunajua ni mtu mmoja. Mwandalizi wa mbio kule Ulaya hajui, na benki yake haitaki kujua.

Mimi nilishika nafasi ya tatu katika mbio za kilomita 10 kwenye mji mdogo wa Ujerumani. Zawadi ilitumwa, ikarudi, ikatumwa tena, ikarudi, kwa sababu ya herufi moja. Miezi saba! Mahindi yalipandwa na kuvunwa nikingojea pesa za dakika thelathini na tatu za kazi.

Pasipoti kaa nayo mwenyewe. Meneja wangu wa kwanza alikuwa na droo yenye pasipoti za wasichana wanane, akisema anatutunzia. Siku nilipoitwa mbio za ghafla, yeye alikuwa likizoni na funguo mfukoni. Anayehitaji pasipoti yako kwa ajili ya viza apewe, aandike kwamba amepokea, na airudishe viza ikitoka.

Akaunti iwe ya jina lako pekee. Kaka yako ni mtu mzuri, kocha wako ni kama baba, sawa. Wanunulie soda.

Ramani ya Vivian

Huyu binti aliposema anataka kuwa kama Vivian Cheruiyot, alikuwa ameona kipande cha video cha Olimpiki ya Rio. Agosti 2016, Almaz Ayana wa Ethiopia alikuwa amevunja rekodi ya dunia ya mita 10,000, dakika 29:17.45, na Vivian akawa wa pili. Wiki moja baadaye wakakutana tena kwenye mita 5,000. Ayana akatoroka mapema kama kawaida yake, pengo likawa kubwa, watu hapa wakaanza kuzima televisheni. Vivian hakumkimbilia kwa pupa. Alilila pengo polepole pamoja na Mkenya mwenzake Hellen Obiri, wakampita, na yeye akamaliza kwa 14:26.17, rekodi ya Olimpiki. Obiri akachukua medali ya fedha, Ayana shaba.

Sasa nikamwambia: hiyo ni dakika kumi na nne. Nionyeshe miaka kumi na sita iliyotangulia.

Vivian alishinda mbio za nyika za dunia za vijana mwaka 2000. Mwaka huo huo akaenda Olimpiki ya Sydney, akiwa ametimiza miaka 17 siku chache tu, akaingia fainali ya mita 5,000 na kumaliza wa 14. Ukiwa kijana na umefika fainali ya Olimpiki, unadhani mwaka unaofuata utapata medali. Yeye alisubiri hadi 2007, Osaka, ndipo akapata fedha ya dunia. Dhahabu ilikuja Berlin 2009. Mwaka 2011 alikusanya kila kitu: nyika, 5,000 na 10,000. Olimpiki ya London 2012 akapata fedha na shaba. Mwaka 2013 akajifungua mtoto wa kiume. Beijing 2015 akarudi kuwa bingwa wa dunia wa 10,000, kisha ndipo Rio. Baada ya hapo akahamia marathoni: London 2017 alikuwa wa nne, na London 2018 akashinda kwa 2:18:31, akiwa na miaka 34.

Hesabu mwenyewe. Kutoka fainali ya kwanza hadi dhahabu ya kwanza ya uwanjani ya watu wazima ni miaka tisa. Kwa hiyo ukija Iten, panga miaka. Msichana anayetaka marathoni akiwa na miaka 19 kwa sababu pesa ziko huko, mara nyingi nampeleka kituo cha matatu akiwa na 23, goti limefungwa bendeji. Kimbia nyika, kimbia 3,000 na 5,000, jifunze kumaliza kwa kasi. Barabara haiondoki.

Mazoezi

Hapa sitakaa sana, maana Iten kila mwenye viatu ni kocha. Jumanne ni uwanjani. Wengi huteremka Tambach kwenye uwanja wa udongo wa murram, ambako ni chini kuliko huku kwetu kwenye mita 2,400. Alhamisi ni fartlek, yaani kukimbia kwa kupokezana kasi na taratibu. Jumamosi ni mbio ndefu. Siku nyingine unakimbia taratibu saa kumi na mbili asubuhi, na jioni tena kidogo ukiwa na nguvu. Taratibu maana yake unaweza kusimulia habari za harusi ya juzi bila kukata sentensi. Wageni hushangaa wakiona bingwa wa dunia anajikokota kwenye vumbi kama mtu anayemtafuta ng'ombe aliyepotea. Anajua Jumanne inakuja.

Ukiishi kambini, angalia ni nani anapika. Zamani zetu msichana akiingia kambi ya mchanganyiko alikimbia asubuhi na wanaume, kisha wao wakalala yeye akafua na kusonga ugali. Lornah Kiplagat aliliona hilo, na alipojenga kambi yake hapa Iten kwa pesa zake za mbio, aliwafungulia kwanza wanawake. Kupumzika ni sehemu ya kazi. Kambi isiyokupa usingizi wa mchana haifai, hata kama ina vijana wanaokimbia marathoni kwa 2:05.

Mwili

Chai. Najua ninachotaka kusema kinaweza kunifukuzisha kijijini. Chai inazuia damu kupata madini ya chuma kwenye chakula, na wasichana wanaokimbia kilomita nyingi huishiwa chuma upesi. Usinywe chai pamoja na ugali na mboga ya managu. Kunywa saa moja baadaye, hata vikombe vitatu, nani anahesabu. Maharagwe, managu, maini ukipata. Vidonge vya chuma meza baada ya kupimwa damu, maana uchovu una mama wengi.

Jambo la pili hatukulizungumza enzi zetu na lilituvunja mifupa kihalisi. Hedhi ikipotea miezi mitatu na huna mimba, nenda kwa daktari. Kambini tulikuwa tunafurahi ikipotea, tukidhani ni dalili kwamba mazoezi yameshika. Kumbe mwili unasema chakula hakitoshi kwa kazi unayoufanyisha, na mifupa ndiyo inayolipa deni. Mimi nilivunjika mfupa wa mguu kwa kukimbia tu barabarani, bila kuanguka, bila kugongwa. Kocha aliyekuambia upunguze kula ili uwe mwepesi, mwache akimbie yeye.

Na ukisafiri, chunga tumbo. Tegla Loroupe, mwanamke wa kwanza Mwafrika kushinda marathoni ya New York, mwaka 1994, alikwenda Sydney 2000 akiwa mwenye rekodi ya dunia, 2:20:43. Usiku wa kuamkia mbio chakula kikamgeuka. Alimaliza wa 13, na siku chache baadaye akakimbia 10,000 akawa wa tano. Mimi nilikuwa nabeba unga wangu wa ugali kwenye begi la mkononi, na maafisa wa forodha walishaniuliza maswali mengi juu ya unga mweupe. Afadhali maswali.

Pufya

Magazeti yanaziita pufya, dawa za kusisimua misuli. Wasichana wengi wanadhani hatari ni yule mtu mwenye sindano anayetembea usiku. Yupo, mkimbie. Lakini hatari nyingine iko kwenye duka la dawa la mtaani na kwenye kabati la jirani.

Ruth Chepngetich aliikimbia marathoni ya Chicago Oktoba 2024 kwa 2:09:56, mwanamke wa kwanza duniani chini ya saa 2 na dakika 10. Mwaka uliofuata kipimo chake kikaonyesha dawa ya kuongeza mkojo, na maelezo aliyotoa ni kwamba alikuwa mgonjwa akameza dawa za mfanyakazi wake wa nyumbani. Alifungiwa miaka mitatu. Kilicho mwilini mwako ni chako, hata kama kiliingia kwa kijiko cha mtu mwingine.

Kwa hiyo fanya hivi. Ukiugua, mwambie daktari neno la kwanza kabisa: mimi ni mwanariadha, ninapimwa. Mwombe aandike jina la dawa kwenye karatasi. Piga picha ya pakiti. Uliza ADAK, shirika la Kenya la kupambana na pufya, kabla ya kumeza. Kataa dripu ya "kukurudishia nguvu": zaidi ya mililita 100 ndani ya saa 12 ni kosa, isipokuwa kwa matibabu halali ya hospitali, na hata hapo chukua karatasi zote. Unga wa mazoezi unaouzwa kwenye chupa yenye picha ya mtu mwenye misuli, achana nao. Mursik, maziwa yetu ya mgando, haijawahi kumfungia mtu.

Ukikimbia vizuri, siku moja jina lako litaingia kwenye orodha ya wanaopimwa bila taarifa. Kuanzia hapo unaandika, kwa kila siku, mahali utakapolala na saa moja utakayopatikana, kati ya saa kumi na moja alfajiri na saa tano usiku. Ukikosekana au kukosea kuandika mara tatu ndani ya miezi kumi na miwili, unafungiwa kama aliyetumia dawa. Chagua saa ya alfajiri ukiwa bado kitandani. Ukiamua kwenda kwa shangazi Kapsowar kulala, badilisha kwenye simu kabla hujapanda gari. Mtandao kukosekana si utetezi, simu kuzima si utetezi, na mbwa wako kumfukuza mpimaji ndiyo kabisa. Usimwachie meneja kazi hii. Atakayefungiwa ni wewe.

Upande wa pili wa shilingi: Edna Kiplagat alimaliza wa pili marathoni ya Boston 2021 akiwa na miaka 41. Aliyeshinda akaja kupatikana na dawa, akavuliwa, na Edna akatangazwa bingwa. Alipata taji, ndiyo, lakini ule utepe wa kumalizia ulishapasuliwa na kifua kingine.

Meneja na hesabu

Meneja awe amesajiliwa. Uliza Riadha Kenya, shirikisho letu, ni swali la dakika tano. Kwa kawaida anachukua asilimia 15 ya zawadi, ada unayolipwa kwa kushiriki na pesa za mdhamini wa viatu. Mkataba uwe wa maandishi, uwe na mwanzo na mwisho, nawe ubaki na nakala. Usiposoma Kiingereza cha wanasheria, mpelekee mtu asomaye, na asiwe rafiki wa meneja. Mimi wa kwangu niliusaini juu ya boneti ya gari, jua likinipiga machoni. Nilikuja kujua baada ya miaka miwili kwamba nilikubali kurudisha nauli za ndege za mbio ambazo sikukimbia.

Tufanye hesabu ya ndoto. Boston humpa mshindi dola 150,000. Marekani inakata kodi ya asilimia 30 kwa mgeni, dola 45,000 zimekwenda. Meneja asilimia 15, dola 22,500. Zinabaki 82,500, na bado hujamlipa kocha, vijana waliokuwekea kasi miezi minne, aliyekukanda misuli, wala KRA hawajakusalimia. Na pesa zenyewe haziji kesho. Zinasubiri majibu ya vipimo. Kijijini wao wameona 150,000 kwenye televisheni. Wameshazibadilisha kwa shilingi, wameshagawana. Ndiyo maana mbio za marathoni ni mbili kwa mwaka lakini michango ni kila Jumamosi.

Kabla hujafika huko, njia ya kuanzia ni mbili. Kuwawekea wengine kasi hulipa vizuri kwa kazi ya nusu mbio, na unajifunza kushika mwendo kama saa. Na ajira: Polisi, Magereza na Jeshi huchukua wanariadha. Obiri alikuwa askari wa jeshi akiwa bingwa wa dunia wa 5,000. Mshahara wa mwisho wa mwezi hukuwezesha kukataa mbio mbaya ukiwa na jeraha. Mimi sikuwa nao, nikakimbia nikichechemea mbio tatu za mwisho kwa sababu ya karo.

Mapenzi na mashamba

Sehemu hii niliisema usiku, taa imezimwa.

Msichana akianza kushinda, mtu hutokea. Ana viatu vipya, ana pikipiki, anasema atakufanyisha mazoezi bure. Baada ya mwaka ni kocha, ni mume, ni anayeshika kadi ya benki. Wapo wazuri, nimewaona, na ndoa zao zimezaa medali. Lakini kocha ukimwacha unatafuta kocha mwingine. Huyu ukimwacha unapoteza kocha, nyumba, na akaunti kwa siku moja. Usiviweke vyote kwenye kiganja cha mtu mmoja.

Agnes Tirop alikuwa bingwa wa dunia wa nyika akiwa na miaka 19. Septemba 2021 alivunja rekodi ya dunia ya kilomita 10 za wanawake pekee huko Ujerumani, 30:01. Oktoba, mwezi mmoja tu baadaye, aliuawa nyumbani kwake hapa hapa Iten. Alizikwa siku ambayo angetimiza miaka 26. Wenzake wakaanzisha Tirop's Angels, kikundi cha kupinga ukatili dhidi ya wanawake, na ofisi yao haiko mbali. Ukitishwa, ukipigwa, ukinyang'anywa simu, nenda siku hiyo hiyo. Usingoje msimu uishe.

Kiwanja changu cha kwanza nilinunua Eldoret mwaka 2003. Nilikuwa Ulaya, nikatuma pesa, hati ikaandikwa jina la mwanamume. Leo kuna duka la vifaa vya ujenzi pale, na misumari nikihitaji nanunua kwingine. Kwa hiyo: nenda mwenyewe ofisi ya ardhi, angalia rekodi za kiwanja, saini wewe, hati ilale mahali unapopajua wewe. Ukiwa safarini, kiwanja kinaweza kusubiri wiki mbili.

Mtoto

Aliniuliza kama kuzaa ndiyo mwisho. Nikamtajia Faith Kipyegon, aliyejifungua 2018. Kabla ya mtoto alikuwa na dhahabu moja ya Olimpiki. Baada yake ameongeza mbili, na rekodi za dunia za 1,500, ya maili, na kwa muda ile ya 5,000. Nikamtajia Peres Jepchirchir, aliyepata binti mwaka 2017, kisha akashinda marathoni ya Olimpiki 2021 na New York mwaka huo huo, na Boston uliofuata.

Cha kuangalia ni mkataba wa viatu. Zamani ukipata mimba malipo yalipungua au kukatika, na hakuna aliyesema hadharani hadi wanariadha wa Marekani, Allyson Felix akiwemo, walipolifumua jambo hilo mwaka 2019. Baadhi ya kampuni zikabadilisha vipengele. Soma chako utafute neno mimba. Usipoliona, uliza kabla ya kusaini, siyo ukiwa na miezi minne.

Na ukirudi, anza kwa kutembea. Usitazame saa mwaka wa kwanza. Mtu wa kumlea mtoto ndiye mwajiriwa wako muhimu kuliko kocha, mlipe kwa wakati.

Alhamisi ya kwanza

Fartlek inaanza saa tatu asubuhi. Fika mapema, watu ni wengi kama mnada. Uliza leo ni ngapi kwa ngapi: dakika moja kasi na moja taratibu, au mbili kwa moja. Kaa nyuma kabisa, upande wa kushoto, mbali na wazungu wenye saa kubwa maana husimama ghafla. Utaachwa. Kila mtu huachwa Alhamisi ya kwanza. Usikate kona kwenye vijia vya mashamba, utapotea. Shika barabara ile ile. Weka shilingi 100 ndani ya soksi kwa ajili ya bodaboda.

Alirudi saa tano kasoro, vumbi hadi kwenye kope, bila ile mia. Wiki iliyofuata alirudi nayo.

Kitambulisho kilitoka Machi. Cheti kinasema Chepkemboi, kitambulisho kinasema Jepkemboi. Jumatatu tunarudi kwa msajili.